Ukungu uliua mbatata, sheria ikawatoa watu: maswali ya wasomaji kuhusu njaa ya Ireland

Toleo lililopita lilikuwa na makala juu ya batobato ya mihogo, na ndani yake tuligusia, kwa sentensi mbili tu, njaa kubwa iliyoipiga Ireland kuanzia mwaka 1845. Sentensi hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, kutoka Unguja na Pemba, na kwa hivyo ukurasa wote wa leo tumeutoa kwa jambo hilo. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kama ilivyo kawaida yetu.

Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete. Mihogo yetu imepata maradhi zaidi ya mara moja, na hatukuzika watu kwa sababu hiyo. Inakuwaje zao moja liharibike, kisha watu milioni moja wafe, tena katika nchi iliyokuwa chini ya serikali moja na Uingereza, dola tajiri kuliko zote wakati ule? Na ni kweli kwamba chakula kiliendelea kusafirishwa nje?

Waalaykum salaam, Maalim. Mbatata ilifika Ireland ikitokea Amerika, na kufikia miaka ya 1840 watu wapatao milioni tatu, katika zaidi ya milioni nane waliohesabiwa mwaka 1841, hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Mtu mzima mwenye kazi nzito alikula kilo tano au zaidi kwa siku, pamoja na mtindi akiupata. Hawakufanya hivyo kwa kukosa akili. Ardhi nzuri ilipandwa nafaka za kuuzwa ili ilipwe kodi ya mwenye ardhi, na kipande kilichobakia, ambacho kwa wengi hakikufika hata eka moja, hakikuweza kulisha watu sita kwa kitu chochote isipokuwa mbatata. Wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper, ambayo ilizaa vizuri hata kwenye udongo mbovu lakini haikuwa na kinga dhidi ya ukungu.

Ukungu huo, ambao wataalamu huuita Phytophthora infestans, ulionekana Ireland mwezi wa Septemba 1845. Vimelea vyake huchukuliwa na upepo wenye unyevu, na shamba la kijani huweza kugeuka jeusi ndani ya siku chache. Hata mbatata zilizochimbwa zikiwa nzima ziliozea zilikohifadhiwa. Mwaka wa kwanza lilipotea fungu lililo baina ya thuluthi na nusu ya mavuno, na mwaka wa pili yakapotea karibu yote. Mwaka 1847 ukungu ulipungua, lakini watu walikuwa wamekwishakula mbegu, basi kilichopandwa kilikuwa kidogo mno, na 1848 ukungu ukarudi kwa nguvu zake.

Tofauti yao na sisi ni hii. Wazee wetu, mchele wa Burma ulipokatika wakati wa Vita Vikuu vya Pili, waliteremka kutoka kwenye wali wakaenda kwenye muhogo, na pasipo muhogo palikuwa na shelisheli, ndizi na viazi vikuu. Mkulima mdogo wa Ireland alikuwa amekwishasukumwa hadi ngazi ya mwisho kabla ukungu haujafika. Mbatata ndiyo iliyokuwa muhogo wake, na chini ya hapo hapakuwa na kitu.

Kuhusu chakula kusafirishwa nje, ndiyo, nafaka, siagi na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, na wenye njaa walivitazama vikipita chini ya ulinzi wa askari. Haki inatutaka tuongeze kwamba kufikia 1847 nafaka iliyoingia, hasa mahindi ya Marekani, ilizidi kwa mbali iliyotoka. Lakini ilichelewa, kwani kipindi kibaya kabisa kilikuwa majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847, na isitoshe chakula kilichomo dukani si chakula kwa asiyekuwa na fedha. Waziri Mkuu Robert Peel alikuwa ameagiza mahindi ya thamani ya paundi 100,000 mwishoni mwa 1845, yale ya njano ambayo wenzetu wa bara waliyaita yanga, lakini watu hawakujua kuyasaga wala kuyapika, na wengi waliharisha kwa kuyala yakiwa mabichi nusu. Serikali iliyomfuata mwaka 1846, ya Lord John Russell, iliamua kuwa biashara ya chakula iachiwe wafanyabiashara.

Mimi ni mvuvi wa Nungwi. Ireland ni kisiwa. Kwa nini hawakuvua?

Swali fupi na la haki, na waliolileta ni wavuvi watupu, wa Nungwi, Kojani na Mkoani. Wengi waliokufa waliishi mbali na pwani. Waliokaa pwani ya magharibi walikuwa na vyombo vidogo vya mbao nyembamba vilivyofunikwa ngozi au turubai lililopakwa lami, ambavyo havikuweza kufuata samaki wa kina kirefu katika Bahari ya Atlantiki wakati wa baridi. Yeyote kati yenu aliyekaa wiki nzima na ngalawa yake juu ya mchanga kwa sababu ya kusi anaelewa. Tena uvuvi ulikuwa kazi ya ziada, na chumvi ya kuhifadhia samaki ilikuwa ghali.

Jambo lililowamaliza ni rehani. Katika kijiji cha wavuvi cha Claddagh, kando ya mji wa Galway, watu waliweka nyavu zao rehani wanunue unga, na bahari ilipotulia hawakuwa na cha kutupia majini. Jumuiya ya madhehebu ya Kikristo ya Quaker ilifika pale ikawakopesha fedha za kukomboa zana zao, nao wakarudi baharini. Msaada huo ulikuwa na akili kuliko mingi iliyotolewa na serikali, kwa sababu ulimrudishia mtu kazi yake badala ya kumtungia nyingine isiyo na faida. Kwingineko watu waliteremka ufukweni kuchokoa makome na mwani hadi miamba ya karibu ikawa mitupu.

Bibi mmoja wa Makunduchi anauliza: Nimesikia kwamba kulikuwa na nyumba za masikini kila wilaya, zilizojengwa kabla ya njaa. Je, zilikuwa kama nyumba zetu za wazee za Sebleni na Welezo? Na kama zilikuwepo, mbona watu walikufa njiani?

Shikamoo, Bibi. Umegusa kiini cha mambo, kwa hivyo tutaomba subira yako, maana jawabu ni refu.

Nyumba za Sebleni na Welezo zinapokea wazee wasio na wa kuwatunza, na makusudio yake ni kuwatunza. Nyumba za masikini za Ireland zilijengwa kwa Sheria ya Masikini ya mwaka 1838, na makusudio yake yalikuwa kwamba mtu aone afadhali kufanya lolote kuliko kuingia. Nchi iligawiwa wilaya 130, kila wilaya na nyumba yake, nyingi zikichorwa na mjenzi mmoja, George Wilkinson, ndiyo maana hata leo zinafanana. Ilikuwa lazima familia iingie yote. Mlangoni walivuliwa nguo zao, wakaoshwa, wakavikwa sare. Kisha mume akapelekwa upande wake, mke upande wake, watoto wa kiume kwao na wa kike kwao, na mtoto mchanga tu ndiye aliyebaki na mama. Wanaume walivunja mawe, wanawake walifua na kusokota. Chakula kilikuwa uji. Katika miaka ya kwanza nyumba nyingi zilikuwa nusu tupu, na wakubwa walifurahi kwamba mpango umefaulu.

Njaa ilipofika, serikali haikuanza na nyumba hizo bali na kazi za umma. Watu walichonga barabara na kuvunja kokoto kwa ujira wa senti chache, ambao ulicheleweshwa na ambao haukununua unga wa kutosha familia, na mwezi wa Machi 1847 walikuwa zaidi ya 700,000 wanaofanya kazi hizo katika baridi, wengi wao wakiwa tayari wagonjwa. Mpango huo uliposhindwa, yalifunguliwa majiko ya kugawa mchuzi na uji bure, na kufikia Julai 1847 majiko hayo yalilisha watu milioni tatu kwa siku. Tunapenda msomaji asipite haraka hapa, kwa sababu hoja kwamba nchi ilikuwa maskini mno kulishwa, au kwamba utaratibu haukuwezekana, inaanguka mbele ya jambo hili: watu milioni tatu walilishwa, kwa gharama ndogo kuliko ile ya barabara, na vifo vikapungua. Kisha, miezi michache baadaye, majiko yakafungwa. Charles Trevelyan, ofisa wa Hazina mjini London aliyeshika funguo za fedha hizo, aliamini kwamba msaada ukizidi utawazoesha watu uvivu, na kauli ya wakati ule ikawa kwamba wenye mali wa Ireland ndio waubebe umasikini wa Ireland.

Kuanzia vuli ya 1847, basi, mzigo wote ulitupwa juu ya Sheria ya Masikini, na sheria hiyo iliendeshwa kwa ushuru uliotozwa wilaya ile ile yenye njaa. Kila wilaya iligawiwa vitongoji, na kila kitongoji kilidaiwa gharama za masikini wake. Matokeo yake hayahitaji msomi kuyaona: penye njaa kubwa ndipo penye mfuko mtupu. Wilaya 22 za magharibi zilitangazwa kuwa taabani, wasimamizi waliochaguliwa na walipa ushuru waliondolewa katika sehemu nyingi, na wakaletwa maofisa wa mshahara kukamua ushuru usiokuwepo. Nyumba ya masikini ya Skibbereen, katika jimbo la Cork, ilijengwa kwa watu 800 ikabeba zaidi ya 2,000. Typhus, homa ya kujirudia na kuharisha damu viliwaua wengi kuliko njaa yenyewe, kwa kuwa watu walibanwa mahali pamoja na nguo zile zile zenye chawa. Katika makaburi ya Abbeystrewry, nje ya mji huo, wamezikwa watu baina ya 8,000 na 10,000 katika mashimo ya pamoja, bila majeneza.

Lakini umeuliza kwa nini walikufa njiani, na jawabu limo katika vifungu viwili vya sheria.

Kifungu cha kwanza, cha mwaka 1843, kilisema kwamba kwa kila shamba ambalo thamani yake kwa mwaka haikuzidi paundi nne, ushuru wa masikini alipe mwenye ardhi, si mpangaji. Ulionekana kuwa wema. Njaa ilipokuja, mwenye ardhi aliyekuwa na wapangaji wadogo mia mbili alijikuta hapokei kodi kutoka kwao na bado anadaiwa ushuru kwa ajili yao, na njia rahisi ya kuupunguza ushuru ikawa ni kuwapunguza watu wenyewe. Akiwafukuza wakaenda kukaa mjini au kwenye kitongoji cha jirani, gharama yao ilihamia kwa mwingine.

Kifungu cha pili kilipitishwa Juni 1847, kwa pendekezo la mbunge William Gregory: yeyote mwenye zaidi ya robo eka ya ardhi asipewe msaada wowote mpaka aiachie. Sisi ambao wazazi wetu waligaiwa eka tatu baada ya Mapinduzi tunaweza kuipima robo eka kwa macho. Ni kiwanja cha kiasi cha mita 30 kwa 30, zinazidi kidogo. Mtu mwenye eka mbili za ukungu, na watoto wanaolala bila kula, aliambiwa achague baina ya uji wa leo na ardhi ya maisha yake yote. Wapo waliokataa kuachia, wakafa pamoja na watoto wao ndani ya nyumba, hadi mwaka 1848 wanasheria wa serikali walipotoa rai kwamba mke na watoto wanaweza kusaidiwa hata kama baba ameng'ang'ania shamba. Walioachia walikuta kwamba wakala wa mwenye ardhi hakutosheka na shamba bali alitaka na nyumba ivunjwe. Boriti ya paa ilifungwa kamba, vibarua wakaivuta, na mara nyingi vibarua wenyewe walikuwa majirani wenye njaa waliolipwa kwa kazi hiyo. Wapangaji wengine walionywa wasimpokee mtu. Familia zilichimba shimo ukingoni mwa handaki la shamba, zikaliezeka vijiti na mabonge ya nyasi, zikaishi humo hadi zilipofukuzwa tena. Katika wilaya ya Kilrush, jimbo la Clare, mkaguzi Kapteni Arthur Kennedy aliandika ripoti baada ya ripoti akihesabu nyumba zilizobomolewa. Hesabu za polisi, zilizoanza 1849, zinaonesha kwamba hadi 1854 walifukuzwa moja kwa moja karibu watu 250,000, na hapo waliofukuzwa kabla ya 1849 hawamo.

Kwa hivyo, Bibi, nyumba zilikuwepo, lakini sheria iliyozijenga ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu makwao. Edward Twisleton, mkuu wa sheria hiyo nchini Ireland, alijiuzulu mwaka 1849 kwa sababu aliona hawezi kuwa mkono wa siasa ya namna ile. Fedha zote za Hazina ya London kwa miaka yote ya njaa zilikuwa takriban paundi milioni 10, na sehemu yake ilikuwa mkopo; dola hiyo hiyo, kwa sheria ya 1833, ilitenga paundi milioni 20 kuwafidia wamiliki wa watumwa wa makoloni yake. Wazanzibari, ambao kwao pia mwaka 1897 fidia walipewa mabwana na si watumwa, wataielewa hesabu hii bila ya sisi kuongeza neno.

Barua tatu kutoka Chake Chake na moja ya Kiembesamaki: Ni kweli kwamba Sultani wa Uturuki alipeleka msaada?

Ni kweli. Sultani Abdülmecid alichangia paundi 1,000 mwaka 1847, na barua ya shukurani kutoka kwa wakubwa wa Ireland imehifadhiwa Istanbul. Simulizi kwamba alitaka kutoa 10,000 akazuiwa ili asimpite Malkia Victoria, aliyetoa 2,000, na kwamba alipeleka meli tatu za chakula katika bandari ya Drogheda, inapendwa sana mjini humo. Lakini nyota na mwezi vilivyomo katika nembo ya Drogheda, ambavyo wengine huvitaja kama ushahidi, ni vya zamani kuliko njaa hiyo kwa karne kadhaa.

Michango ilitoka pia Calcutta, ambako ilianza mapema kuliko mingi, na kwa watu wa kabila la Choctaw huko Marekani, ambao wao wenyewe walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka ardhi yao katika miaka ya 1830. Kinyume chake walikuwapo wamishionari wachache, mathalan katika kisiwa cha Achill, walioshutumiwa kwamba walitoa chakula kwa masharti ya dini, na familia iliyodhaniwa kubadili dhehebu kwa ajili ya bakuli la mchuzi ilitajwa kwa aibu vizazi vingi baadaye. Quaker hawakuuliza dini ya mtu, na hilo pia halijasahaulika.

Mwanafunzi wa chuo, Tunguu: Nini kilichobakia vijijini baada ya njaa kwisha? Vitabu vinataja vifo na uhamiaji, kisha vinafunga mlango.

Kilichobakia kwanza ni ardhi yenye watu wachache na mashamba makubwa zaidi. Baina ya 1845 na 1851 mashamba ya chini ya eka tano yalipungua kwa zaidi ya nusu, na tabaka la vibarua wenye vijishamba karibu lilitoweka. Pale palipokuwa na nyumba ishirini pakawa malisho ya ng'ombe. Kwa hivyo mtafiti akikuambia kwamba baada ya njaa maisha ya wakulima yaliboreka, usimkatalie, lakini muulize ni wakulima gani. Wengi wa waliobakia walikuwa wale waliokuwa na kitu tangu mwanzo, na baadhi yao ndio walioingia katika mashamba ya jirani zao. Simulizi za wazee zilizokusanywa miaka mia moja baadaye, mwaka 1945, zinalitaja jambo hili kwa sauti ya chini zaidi kuliko zinavyowataja Waingereza.

Pili ni kuondoka. Zaidi ya watu milioni moja walihama, na hata hapo ushuru wa masikini una mkono wake. Wakala wa shamba la Meja Denis Mahon huko Strokestown, jimbo la Roscommon, alipiga hesabu akaona kwamba nauli ya kwenda Canada ni ndogo kuliko gharama ya kuwaweka watu katika nyumba ya masikini, na mwaka 1847 walisafirishwa mamia ya watu, wengi wakafa melini na katika karantini. Mahon aliuawa kwa risasi mwezi wa Novemba mwaka huo. Katika kisiwa cha karantini cha Grosse Île, Quebec, walizikwa zaidi ya watu 5,000 katika msimu huo mmoja. Kuondoka kukawa desturi: shamba halikugawiwa tena kwa watoto wote, alirithi mmoja, na wengine wakajua tangu utotoni kwamba njia yao ni bandarini. Ndiyo maana idadi ya watu iliendelea kushuka muda mrefu baada ya ukungu kwisha, kutoka milioni 8.2 mwaka 1841 hadi milioni 6.6 mwaka 1851, na chini ya milioni 4.5 mwaka 1901. Kisiwa kizima leo hakijaifikia hesabu ya 1841. Lugha ya Kiayalandi nayo ilipata pigo ambalo haikupona, kwa kuwa waliokufa na waliohama walikuwa zaidi ni mafukara wa magharibi, ambao ndio waliokuwa wakiizungumza.

Tatu, ukipata nafasi ya kusoma huko, ni majengo yenyewe. Nyumba ya masikini ya Portumna, jimbo la Galway, imehifadhiwa kama makumbusho, na Strokestown kuna makumbusho ya taifa ya njaa. Nyingine nyingi, Sheria ya Masikini ilipoondolewa katika miaka ya 1920, ziligeuzwa hospitali na makao ya wazee, na maofisa wa afya walishangaa kuona wagonjwa wakubwa wa umri wakikataa kulazwa katika jengo ambalo babu zao walilijua kwa jina jingine.